UZI: Jikoni kwa Hanuka na Noeli: mafuta, mfungo, vipimo na makosa yanayoharibu chakula

#1 Kutabaruku

Wadau, mkifungua Yohana 10:22 mtamkuta Yesu hekaluni Yerusalemu kwenye Sikukuu ya Kutabaruku, na mwandishi anaongeza kuwa ulikuwa wakati wa baridi. Hiyo ndiyo Hanuka. Wengi wameupita mstari huo mara nyingi bila kujua kwamba sikukuu yenyewe ipo hadi leo, ina mishumaa yake na kikaango chake, na huangukia jirani na Noeli.

Uzi huu ni wa vyakula na desturi za sikukuu za majira ya baridi, za Kiyahudi na za Kikristo. Leteni vipimo, hatua na makosa. Natanguliza jambo moja, anayebisha abishe: katika sikukuu hizi anayeshika mwiko ni katazo. Myahudi huuliza kwanza kama chakula ni cha nyama au cha maziwa, maana haviliwi pamoja. Mkristo wa zamani, na wa Kiorthodoksi hadi leo, huuliza kama mfungo umekwisha. Ukiyaelewa maswali hayo mawili, mapishi mengi yanajieleza yenyewe.

Kuhusu tarehe: Hanuka huanza jioni ya kuamkia 25 Kislev na huchukua siku nane. Miezi ya Kiyahudi hufuata mwandamo, mwaka wa kawaida una siku kama 354, na katika kila miaka 19 huongezwa mwezi mzima mara saba ili sikukuu zisihame majira yake. Ndiyo maana mwaka 2024 mshumaa wa kwanza uliwashwa jioni ya 25 Desemba, 2025 jioni ya 14 Desemba, na 2026 ni jioni ya 4 Desemba.

Kinachokumbukwa ni kutakaswa upya kwa Hekalu mwaka 164 KK, baada ya Yuda Mmakabayo na ndugu zake kulikomboa kutoka kwa watu wa mfalme Antioko IV. Habari hiyo imo katika 1 Wamakabayo sura ya 4. Kisa cha chupa moja ya mafuta iliyowaka siku nane hakimo humo. Kimo katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, sehemu ya Shabati, ukurasa wa 21b. Na ni kisa hicho cha mafuta kilichokamata jiko lote.

#2 Mpangaji

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze la kinara kabla watu hawajakosea, maana picha nyingi mtandaoni zinachanganya mambo. Menora ya Hekaluni ilikuwa na taa 7. Kinara cha Hanuka kina 9: nane za siku, na moja ya mtumishi (shamash), ambayo hukaa juu zaidi au pembeni. Zile nane zinatakiwa ziwe kwenye mstari mmoja na kimo kimoja, kila mwali peke yake. Ukizikusanya kwenye duara zinaonekana kama moto mmoja, na hapo hesabu ya siku imepotea.

Kupanga na kuwasha ni vitu viwili tofauti, na hapa ndipo wageni hukosea:

Mishumaa hupangwa kuanzia kulia kwenda kushoto, mmoja usiku wa kwanza, miwili usiku wa pili, hadi minane. Kuwasha huanzia kushoto, yaani kwenye mshumaa mpya wa siku hiyo, kisha unarudi kulia. Shamash huwashwa kwanza na ndiye anayewasha wenzake. Ukihesabu na yeye, sikukuu nzima inahitaji mishumaa 44. Sanduku likiwa na pungufu, utaishiwa usiku wa nane.

Baraka ni tatu usiku wa kwanza na mbili usiku unaofuata hadi mwisho. Mwanga wa ile minane haufanyiwi kazi: husomei, huhesabii pesa. Ni wa kutazamwa tu, ndiyo maana shamash yupo, ili mwanga ukitumika kwa bahati mbaya uhesabiwe ni wake.

Mishumaa iwake angalau nusu saa baada ya giza kuingia. Mtego uko Ijumaa. Siku hiyo Hanuka huwashwa KABLA ya mishumaa ya Shabati, ambayo nayo huwashwa kabla ya jua kuzama, kwa desturi ya wengi dakika 18. Kimshumaa cha dakika 30 kitakuwa kimekwisha hata giza halijaingia. Ijumaa tumia mishumaa mirefu au vikombe vya mafuta ya zeituni vinavyowaka saa moja na nusu na zaidi.

#3 Mkaango

Twende jikoni basi. Latke, chapati ndogo za viazi za Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Watu hudhani ni za tangu enzi za Wamakabayo. Kiazi kimetoka Amerika, na kule Ulaya Mashariki kilienea karne za 18 na 19. Kabla yake zilikaangwa za jibini, na desturi hiyo ya jibini huhusishwa na kisa cha Yudithi aliyemlisha jemadari Holoferne jibini, akanywa mpaka akalewa na kulala.

Vipimo vya watu 4 hadi 5:

- viazi mviringo vyenye wanga mwingi, kilo 1
- kitunguu maji kikubwa 1
- mayai 2
- unga wa matza (mkate usiotiwa chachu uliosagwa), au wa ngano, vijiko vya chakula 3 hadi 4
- chumvi vijiko vya chai 1½, pilipili manga
- mafuta ya alizeti au karanga, kimo cha nusu sentimita au zaidi kidogo kwenye kikaango

Kwaruza viazi kwa matundu makubwa ukibadilishana na kitunguu: kiazi, kitunguu, kiazi. Maji ya kitunguu huchelewesha viazi kuwa vyeusi. Weka kwenye kitambaa safi, sokota na kamua kwa nguvu zako zote juu ya bakuli. Ukidhani umemaliza, pumzika dakika mbili ukamue tena.

Sasa USIMWAGE yale maji. Yaache dakika 10. Juu yatabaki maji mekundu-mekundu, chini kutatulia wanga mweupe mzito kama chokaa. Mimina maji taratibu, kwangua ule wanga uurudishe kwenye viazi. Huo ndio gundi. Anayeumwaga hulazimika kuongeza unga, na unga ukizidi unapata andazi la viazi badala ya latke.

Changanya na mayai, unga na chumvi dakika ya mwisho tu, mafuta yakiwa tayari motoni. Chumvi huvuta maji, kwa hiyo mchanganyiko ukikaa robo saa unarudi kuwa uji. Ikitokea, usiongeze unga, mimina yale maji yaliyokusanyika chini.

Joto ni nyuzi 175 hadi 180. Kama huna kipimajoto, dondosha uzi mmoja wa kiazi: ukitulia kimya, mafuta bado, ukichemka papo hapo na kuanza rangi baada ya kama dakika moja, anza. Vijiko viwili vya chakula kwa kila moja, bonyeza ibaki unene wa sentimita moja, dakika 3 hadi 4 kila upande, ugeuze mara moja tu.

Makosa:
Inanyonya mafuta: kikaango kimejazwa, joto limeshuka. Nne au tano kwa mkupuo zinatosha.
Imeungua nje, mbichi katikati: nene mno au moto mkali.
Inasambaratika: hukukamua, au umegeuza kabla ukingo haujawa wa kahawia.
Ililainika baada ya kutoka: umezipanga juu ya karatasi zikatoa jasho. Weka juu ya wavu, hewa ipite chini.

#4 Sanduku la Viungo

Mkaango umesahau linaloleta ugomvi mezani: huliwa na nini? Kuna kambi ya matufaha yaliyopondwa na kambi ya krimu chachu. Ugomvi huo sheria imeshauamua nusu. Latke iliyokaangwa kwa mafuta ya mimea haina upande, si nyama si maziwa. Ukiandaa kidari cha ng'ombe kilichopikwa polepole, ambacho ni chakula cha Hanuka kwenye nyumba nyingi, krimu haiingii mezani, inabaki tufaha tu. Vivyo hivyo ukikaangia mafuta ya bata bukini kama walivyofanya wengi Ulaya zamani, latke yenyewe imekuwa ya nyama. Na baada ya nyama wengi husubiri muda unaofikia saa sita nzima kabla ya kugusa maziwa, kwa hiyo hata donati yenye siagi haiwezi kuwa kitindamlo cha mlo huo.

#5 ShemejiUnga

Hapo kwenye donati ndipo wengi huumbuka, ngoja niingie. Sufganiya ni donati ya mviringo isiyo na tundu, yenye jemu ndani, na kwa Israeli ndiyo malkia wa Hanuka kuliko latke. Asili yake ni donati za Wajerumani na Wapoland zilizohamia na wahamiaji.

Kwa vipande kama 18: unga gramu 500, hamira ya chenga gramu 7, sukari gramu 60, chumvi kijiko cha chai 1, mayai 2, maziwa vuguvugu mililita 200, siagi laini gramu 60, ganda la limau lililokwaruzwa, na kijiko kikubwa kimoja cha pombe kali. Kama mlo ni wa nyama, weka maji na mafuta badala ya maziwa na siagi. Hupati ulaini uleule lakini unapata donati halali kwa meza hiyo.

Kanda dakika 10. Donge liwe laini na linate kidogo. Mkono ukiwa mkavu kabisa umezidisha unga. Liumuke saa moja na nusu. Sukuma unene wa sentimita 1½ hadi 2, kata kwa glasi ya sentimita 6 au 7, kisha KILA MOJA ikae juu ya kipande chake cha karatasi ya kuokea. Ziache ziumuke tena dakika 30 hadi 45. Unaitumbukiza na karatasi yake, karatasi inaachia yenyewe, unaiondoa kwa koleo. Anayezinyanyua kwa vidole huzitoa pumzi yote iliyokusanyika, zinatoka bapa.

Joto la donati ni la chini kuliko la latke: 165 hadi 170, dakika 2 kila upande. Kwenye 185 inakuwa kahawia ndani ya dakika moja na katikati kuna ubichi. Chini ya 160 inakunywa mafuta. Ukiona mkanda mweupe katikati ya kiuno ujue iliumuka vizuri ikaelea juu. Isiyo na mkanda ilizama.

Jemu huingizwa kwa bomba ikiwa imepoa kiasi, gramu 15 hivi kila moja. Sukari ya unga hunyunyizwa ikiwa baridi. Ukinyunyiza ya moto inayeyuka na kuacha madoa kama ya chokaa iliyolowa.

Wayahudi wa Moroko hawahangaiki na yote hayo. Wao wana sfenj: unga gramu 500, maji mililita 350 hadi 400, hamira gramu 7, chumvi gramu 8. Hakuna yai, hakuna siagi, hakuna sukari. Donge ni tepetepe kiasi kwamba hulikandi, unalipigapiga kwa mkono. Liumuke saa mbili, lowesha mikono kwa maji, nyofoa donge la ukubwa wa yai, toboa katikati kwa kidole gumba, vuta pete, tumbukiza. Ukisukumiwa na kishawishi cha kuongeza unga, kishinde.

#6 BintiZafarani

Swali kidogo kwa Kutabaruku: umesema Wakristo nao wanaongozwa na mfungo. Mbona Noeli inajulikana kwa siagi na nyama?

#7 Kutabaruku

Dada, siagi hiyo ilitafutiwa ruhusa Roma. Majilio zamani yalikuwa kipindi cha mfungo, hakuna nyama wala maziwa wala siagi. Saksonia, Ujerumani, mkate wa Noeli uitwao Stollen ulikandwa kwa maji, unga na mafuta ya mbegu, maana mizeituni haioti kule. Ukavu wake fikiria mwenyewe. Watawala wa Saksonia waliandika kuomba, na mwaka 1491 Papa Inosenti VIII akatoa barua ya kuruhusu siagi, kwa sharti la kutoa sadaka. Wajerumani huiita Barua ya Siagi. Leo Stollen ya Dresden inalindwa kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, na majarini haikubaliki ndani yake. Walioikosa siagi kwa muda mrefu ndio wakali zaidi wa kuilinda!

#8 ShemejiUnga

Na kipimo chenyewe kinaonyesha walivyolipiza. Unga gramu 500, siagi gramu 250. Siagi ni nusu ya unga. Ongeza hamira mbichi gramu 42 (ya chenga 14), maziwa vuguvugu mililita 100, sukari gramu 75, zabibu kavu gramu 350, maganda ya machungwa na malimau yaliyokolezwa sukari gramu 100, lozi zilizokatwa gramu 100. Zabibu zilale usiku kucha kwenye ramu mililita 50. Zikiingia kavu zinafyonza maji ya mkate.

Mafuta mengi hulemaza hamira. Kwa hiyo usichanganye vyote pamoja. Tengeneza kwanza chachu ya hamira, maziwa na gramu 150 za unga, iache nusu saa hadi ijae mapovu, ndipo ulete unga uliobaki, siagi na sukari. Matunda yanaingia mwisho, kwa mikunjo michache ya mkono. Ukikanda nayo muda mrefu zabibu zinapasuka, donge linakuwa la kijivu.

Oka nyuzi 170 hadi 180 kwa dakika 50 hadi 60. Zabibu zilizochomoza juu zing'oe kabla ya kuoka, zikiungua ni chungu. Ikitoka tu, ikiwa moto, ipakae siagi iliyoyeyushwa gramu 100 na sukari, na ikipoa funika kwa sukari ya unga hadi iwe nyeupe pee. Ifunge, iweke mahali pakavu penye ubaridi wiki mbili hadi tatu. Anayeila siku hiyohiyo amekula mkate mtamu tu, Stollen hajaila.

#9 Mwalimu wa Mkesha

Ukitaka kuona mfungo ukipika wenyewe, nenda Poland usiku wa 24 Desemba. Sheria ya Kanisa ya 1983 haimlazimishi tena Mkatoliki kuacha nyama siku hiyo, ila Wapoland wengi wameshikilia. Mlo wa Wigilia una sahani 12, hakuna nyama hata moja, na hakuna anayeketi hadi nyota ya kwanza ionekane. Chini ya kitambaa cha meza huwekwa nyasi kavu kwa ajili ya hori. Sahani moja huachwa wazi kwa mgeni asiyetarajiwa. Kabla ya kula, kila mtu huchukua mkate mwembamba mweupe unaofanana na hostia (opłatek, haujawekwa wakfu), humega cha mwenzake na kumtakia heri. Huo mzunguko ukiwa na watu 15 unachukua muda, kwa hiyo supu isiwe imepakuliwa.

Supu ni barszcz, ya bitiruti, na uchachu wake hautoki kwenye siki. Huchachushwa siku 5 hadi 7 kabla: bitiruti kilo 1 zilizomenywa na kukatwa vipande, maji yaliyochemshwa yakapoa lita 1½ hadi 2, chumvi gramu 20 kwa kila lita, vitunguu saumu punje 5, majani ya bay mawili, pilipili tamu ya Jamaika nzima chache. Bitiruti lazima zizame; tia kisahani juu chenye uzito. Zikielea ndipo ukungu hushika. Utando mweupe laini juu unaenguliwa tu. Ukungu wenye manyoya au rangi ya kijani, mwaga yote.

Supu yenyewe hupikwa kwa mboga za mizizi na uyoga mkavu gramu 50 uliolowekwa usiku kucha. Maji ya uyoga huingia kwenye supu, uyoga wenyewe husagwa kujaza vifuko vidogo vya unga viitwavyo "masikio". Maji machachu ya bitiruti huongezwa mwisho kabisa, na baada ya hapo ISICHEMKE. Ipashe hadi mvuke uanze tu. Ikichemka, wekundu ule wa divai unageuka kuwa rangi ya matofali, na hakuna kinachourudisha.

#10 Mwalimu wa Mkesha

Nimesahau sahani iitwayo "kutia", ngano nzima yenye mbegu za popi na asali, na hii Waukraini hawatanisamehe maana kwao ndiyo sahani ya kwanza katika zile 12. Ngano nzima gramu 250, ilowekwe saa 8 hadi 12, ichemshwe polepole saa moja na nusu au zaidi hadi punje zianze kupasuka. Mbegu za popi gramu 120: zimwagie maji ya moto zikae nusu saa, chuja vizuri, saga mara tatu au twanga hadi zitoe maziwa meupe. Usipozisaga zinapita tu mdomoni kama mchanga. Zionje kabla, zilizozeeka zina uchungu unaoshinda asali. Asali vijiko vikubwa 4, jozi gramu 100, zabibu kavu.

Asali iingie ngano ikiwa imechujwa na kupoa. Ngano yenye maji pamoja na asali ni supu tamu. Na ukiiandaa asubuhi, jioni itakuwa imekauka, hivyo hifadhi kikombe cha maji yaliyochemshia ngano ya kuilegezea.

#11 Mpangaji

Tarehe tena, kabla mtu hajauliza kwa nini wengine wanasherehekea 7 Januari. Kalenda ya Juliani iko nyuma ya hii ya kawaida kwa siku 13 hadi mwaka 2100. 25 Desemba yao ni 7 Januari yetu. Warusi, Waserbia, Wakopti na Waethiopia wako huko. Kanisa la Kiorthodoksi la Ukraine lilihamia 25 Desemba mwaka 2023. Waarmenia wana yao, 6 Januari, Noeli na Ubatizo wa Bwana kwa pamoja.

#12 Sanduku la Viungo

Kwa Ethiopia mfungo kabla ya Genna, Noeli yao, ni siku 43, bila nyama, maziwa wala mayai, halafu unafunguliwa kwa vitu vyote vitatu kwenye chungu kimoja: doro wat, mchuzi wa kuku. Kuku hukatwa vipande 12, huoshwa kwa limau na chumvi hadi maji yawe meupe. Vitunguu kilo moja na nusu kwa kuku mmoja, vikatwe vidogo kabisa, vipikwe VIKAVU bila mafuta, ukikoroga, dakika 45 au zaidi hadi viwe rojo la kahawia. Hapo tu ndipo samli yenye viungo huingia, kisha berbere, mchanganyiko wa pilipili na viungo. Berbere ikigusa chungu kikavu inaungua na kuwa chungu, kwa hiyo weka maji kidogo kidogo. Mayai ya kuchemsha huchanjwa juujuu ili mchuzi upenye, huingia mwishoni. Anayeharakisha vitunguu hupata mchuzi unaojitenga, mafuta juu na maji chini, na hakuna kiungo kinachouokoa.

Na ajabu moja: Wayahudi wa Ethiopia kwa desturi yao ya asili hawakuwa na Hanuka. Waliipokea walipokutana na Wayahudi wengine.

#13 BintiZafarani

Asante kaka Kutabaruku, nimekusoma. Nami nichangie linaloendana na jina langu. 13 Desemba, Mtakatifu Lusia, Uswidi: binti mwenye taji la mishumaa na mikate ya zafarani iliyosokotwa kama herufi S, zabibu moja kila jicho. Zafarani gramu 1 inatosha unga kilo 1. Isage na kidonge cha sukari, iloweke kwenye maziwa vuguvugu nusu saa. Ukiitupa kavu unapata madoa mekundu na mkate mweupe. Tatizo kubwa la mikate hii ni kukauka, na chanzo ni unga kuzidi na oveni kuchelewa. Nyuzi 225, dakika 5 hadi 8, basi. Usiondoke mlangoni pa oveni.

Na tarehe 6 Januari Wafaransa wana galette, keki bapa ya tabaka yenye lozi, na ndani yake "haragwe", zamani haragwe kweli, siku hizi kikaragosi cha kauri. Mtoto mdogo kuliko wote hukaa chini ya meza na kutaja kila kipande ni cha nani. Anayepata haragwe ni mfalme. Kosa moja la mapishi: ukipaka yai likachuruzika kwenye ukingo uliokatwa, tabaka zinagandamana na keki haipandi upande huo. Haragwe liweke karibu na ukingo, kisu kisilikute. Na waambie wageni watafune taratibu.

#14 jirani_wa_pili

Mmenifaa sana. Swali la vitendo: meza moja, wageni wawili. Mmoja Myahudi anayeshika kosheri (sheria za Kiyahudi za chakula), mwingine Mwothodoksi aliye kwenye mfungo wa Noeli. Wote waje siku za Hanuka. Nipike nini kisichomfungia nje yeyote? Na pia watoto wafanye nini wakisubiri?

#15 Kutabaruku

Mkuu, hali hiyo si nadra, kwa wanaofuata Juliani mfungo ni 28 Novemba hadi 6 Januari, na Hanuka karibu kila mwaka huangukia humo.

Latke ina mayai, haimfai mfungaji. Sufganiya ina mayai na siagi, haimfai. Sfenj ya ShemejiUnga haina chochote cha mnyama, inawafaa wote wawili. Kutia vilevile. Barszcz ya uyoga inafaa, ila donge la yale "masikio" likandwe kwa maji ya moto bila yai. Kumbuka tu kwamba kwa wanaoshika kikamilifu, Jumatano na Ijumaa hata mafuta na divai havitumiki, kwa hiyo usichague siku hizo kwa sfenj.

Upande wa kosheri viambato havitoshi. Sufuria iliyowahi kupikia nyama isiyo kosheri inaharibu hata maji, divai ina masharti yake, na mboga za majani hukaguliwa wadudu. Muulize mgeni wako mapema anakubali nini. Wengine watakula kutoka chungu kipya na mafuta yenye alama ya kosheri, wengine wataridhika na matunda mazima kwenye sahani za karatasi, na si dharau.

#16 Mpangaji

Watoto wape dreidel, yaani pia ya kuzungusha ya pande nne, kila upande una herufi moja ya Kiebrania. Kila mmoja njugu 10 au sarafu za chokoleti (angalia kama zina maziwa, mfungaji na mlo wa nyama vitakusumbua hapo). Kila mzunguko kila mtu huweka moja katikati, kisha huzungusha kwa zamu. Nun: hupati kitu. Gimel: unachukua zote. He: nusu, na zikiwa witiri unapata ile ya ziada. Shin: unaongeza moja. Kati ikiisha, kila mtu anaweka tena moja. Pia za Israeli zina Pe badala ya Shin, kazi yake ileile.

#17 Mkaango

Na wale watakaopika latke siku nyingine kwa ajili ya wasiofunga: zikibaki, usizipashe kwenye kikaango wala maikrowevu. Oveni nyuzi 200, juu ya wavu, dakika 8 hadi 10. Za friza ziingie hivyohivyo zikiwa barafu, dakika 15. Ukiziacha ziyeyuke kwanza, maji yote uliyoyakamua kwenye kitambaa yatakuwa yamerudi.